Kutunza na Kutuza

Neno kutunza lina nyuso mbili katika Kiswahili chetu. Mama humtunza mgonjwa, yaani humwangalia kwa uangalifu. Na katika ukumbi wa taarabu msikilizaji humtunza mwimbaji, au humtuza kama wengine wasemavyo, kwa kumpelekea noti jukwaani. Neno moja limebeba ulezi na zawadi. Lakini tazama, msomaji: mlezi halei ili atuzwe, na anayemtuza mwimbaji ni yule yule aliyeburudika, si mtu wa tatu aliyekaa mbali na daftari lake.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha swali lililowashughulisha wakuu wa afya tangu mwanzo wa karne hii: je, uzuri wa matibabu waweza kutiwa katika mizani, na mwenye kuzidi akapewa fedha? Uingereza ilijibu ndiyo mwaka 2004. Madaktari wa mitaani, ambao mgonjwa huwaona kabla ya kufika hospitali, waliwekewa pointi 1,050, na kila pointi ikawa na bei yake. Yaliyohesabiwa yakatengenea kwa muda, kisha kasi ikapoa. Na bahati ya mgonjwa kumpata daktari wake yule yule, anayemjua yeye na nyumba yake, ikapungua.

Kwetu Tanzania jaribio kama hilo lilianza mkoani Pwani mwaka 2011. Watafiti waliolifuatilia walieleza mwaka 2015 kwamba kujifungulia vituoni kuliongezeka kwa pointi 8 hivi za asilimia. Hilo si dogo, maana humo mna roho za watu. Lakini katika zahanati, safari za kufuata huduma zisizowekewa zawadi zilipungua, na namna wanawake walivyopokewa haikuonekana kubadilika. Kisha, mwaka 2015/16, serikali ikaanza kuvipa vituo nyota, kuanzia sifuri hadi tano, ikikusudia kwamba ifikapo 2018 asilimia 80 ya vituo vya msingi viwe na nyota tatu au zaidi. Lengo hilo halikufikiwa.

Kabla ya nyota hizo, wanawake wa Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, walikwisha kupima kwa miguu yao. Utafiti wa Margaret Kruk, Godfrey Mbaruku na wenzao, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba asilimia 44 ya waliojifungulia vituoni walikuwa wamekipita kituo kilicho karibu nao wakaenda mbali zaidi. Walipotakiwa wachague kati ya vituo vya kubuni, mambo mawili yalizidi mengine kwa uzito: heshima ya mhudumu, na kuwapo kwa dawa na vifaa.

Hapo pana hukumu kamili. Dawa na vifaa hununuliwa, heshima hainunuliki. Zahanati isiyo na maji wala taa haistahili kungojea tuzo ndipo ivipate, kwani hiyo ni haki yake na ya mgonjwa wake. Tukifanya fedha zifuate nyota, aliyepungukiwa atazidi kupungukiwa, na mkunga atabeba lawama ya bomba ambalo si yeye aliyeshindwa kulileta. Kadhalika, si insafu kumhubiria ikhlasi mkunga mwenye njaa: ujira wake atimiziwe, tena kwa wakati. Ila ujira ni malipo ya kazi. Upole ukishawekewa bei, mgonjwa asiye katika orodha ya bei atautafuta wapi?

Wala sisemi kuhesabu ni kosa. Mbaruku huyo huyo, alipokuwa daktari katika hospitali ya mkoa ya Kigoma, alihesabu vifo vya wazazi, akachungua sababu zake, akachukua hatua 22, nyingi zikitegemea kilichokuwapo. Kati ya 1984 na 1991 vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Alihesabu ili ajue pa kurekebisha.

Lakini si kila mtu ana miguu huru. Warundi waliokimbilia kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, kuanzia mwaka 2015 hawakuruhusiwa kutoka bila kibali. Wao hawakuweza kukipita kituo kibaya na kwenda kwingine. Na mwanakijiji asiye na nauli hali yake yakaribiana na hiyo. Kwa ajili ya hao, kunyamaza kwa mgonjwa kusidhaniwe kuwa ni kuridhika. Waulizwe, tena wakiwa majumbani mwao, mbali na macho ya muuguzi: ulipokewaje? Ulijibiwaje ulipolia? Na majibu yao yamfikie mhudumu kama habari ya kujirekebisha, yasigeuzwe hundi.

Aliyetunzwa ndiye mwenye haki ya kusema kama alitunzwa. Mkaguzi wa nyota afike kwake kwanza, kabla hajalifungua daftari.