Fungua Hesabu Kabla Hujafunguliwa!

Wewe mwenye ufunguo wa sanduku! Wewe mweka hazina, wewe mwenyekiti, wewe mdhamini ambaye jina lako liko katika hati na sahihi yako iko benki! Maneno haya ni yako. Usimtazame jirani.

Unajua. Hakuna haja ya kukusomesha. Unajua kwamba mali ile si yako. Unajua kwamba waliotoa wana haki ya kuuliza. Unajua kwamba siku ya kujibu ipo. Yote unayajua, na bado unasema: mkutano ujao. Baada ya Ramadhani. Baada ya Maulidi. Mambo yakitulia.

Yatatulia lini? Yaliwahi kutulia lini?

Tazama tangazo lililobandikwa ukutani pale Kibokoni, Mombasa: changia madrasa, Mungu atakulipa. Chini yake, namba ya simu. Mama muuza mahamri anatoa simu yake, anatuma shilingi 200, ujumbe unarudi. Anausoma. Jina la aliyepokea si la madrasa. Ni jina la mtu! Anaitia simu mkobani, hasemi neno, anakwenda zake.

Hakukushtaki. Hakukutukana. Lakini ameona! Nawe unajidanganya kwamba hakuona.

Kumbuka uko mji gani. Shuka Ndia Kuu, pita Kibokoni, zunguka hadi Mlango wa Papa. Ndani ya mitaa hii ziko nyumba na maduka ambayo wazee wetu, wake kwa waume, waliyatoa wakfu ili msikiti uwashiwe taa, yatima ale, mtoto asome. Waliotoa wamelala makaburini. Hawawezi kuja kukuuliza kodi ya mwezi huu imekwenda wapi. Tangu mwaka 1900 wakfu una sheria yake katika nchi hii, na Makamishna wake, na makao yao ni hapa Mombasa. Hata mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu ina daftari! Kikundi chako ni kikubwa kuliko mali hiyo?

Utasema: nafanya kazi, nastahili ujira. Naam, unastahili! Nani aliyekataa? Surat Tawba, aya ya 60, inawahesabu watumishi wa zaka miongoni mwa wanaopewa zaka. Surat Nisaa, aya ya 6, inamwambia msimamizi wa yatima: ukiwa tajiri jizuie, ukiwa fakiri kula kwa kadiri, na siku ya kukabidhi mali weka mashahidi. Mashahidi! Si kwa mwizi peke yake. Kwa mwaminifu pia.

Basi ujira si dhambi. Dhambi ni ujira wa gizani: mshahara ambao bodi haikuupitisha, posho ambayo mkutano haukuisikia, safari ya Nairobi ambayo risiti yake haikuonekana.

Na zawadi je? Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Alirudi na mafungu mawili, akasema: hili lenu, hili nimezawadiwa mimi. Jambo lake halikumalizwa chemba. Mtume alipanda mimbari akauliza mbele ya watu: angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi ile ingemfuata? Jiulize swali hilo leo usiku. Jiulize peke yako. Jiulize kabla hujaulizwa!

Usijifiche nyuma ya Serikali. Ni kweli, nayo ilikawia. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ilitiwa sahihi na Rais Kibaki Januari 2013, ikalala miaka 11, ikaanza kufanya kazi tarehe 14 Mei 2024. Sasa imeamka! Inataka vitabu vya hesabu. Inataka ukaguzi. Inataka taarifa ya kila mwaka. Kule Marekani, mashirika mengi yasiyotozwa kodi hujaza kila mwaka fomu ya 990 inayoonyesha fedha, majina ya viongozi na malipo yao, na mtu yeyote anaweza kuiomba akaisoma. Wewe unaogopa kuonyesha karatasi moja mbele ya watu mnaosali nao safu moja?

Nawe unayetoa, usicheke! Unatoa kisha unanyamaza. Unaona haya kumuuliza maalim aliyekusomesha. Unaona haya kumuuliza mzee aliyekuozesha. Kisha unakwenda kuyasema barazani, kahawa mkononi! Swali la barazani ni usengenyi. Liulize mkutanoni litakuwa nasaha. Mji huu haukuwa mji wa kunong'ona. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alichapisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na lile la Al-Islah mwaka 1932 hapa hapa Mombasa, akawaambia watu wake aibu zao kwa maandishi, mchana kweupe. Sisi tumejifunza wapi kuogopa daftari?

Ewe mweka hazina, sikia! Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni wewe. Ukianguka kesho, nani mwingine ajuaye? Namba ya siri iko kichwani mwako, risiti ziko droo ya kitandani mwako, madeni uliyaandika nyuma ya bahasha. Mjane wako yumo edani, na watu wa kamati wamesimama mlangoni wanauliza fedha za madrasa. Atawajibu nini? Ulimwachia mirathi au ulimwachia fedheha?

Rudi! Ungali hai. Mlango ungali wazi. Hakuna aliyekulazimisha bado.

Fedha zitoke katika simu yako ziingie katika akaunti ya kikundi. Sahihi za benki ziwe tatu, si moja. Mkaguzi asiwe shemeji yako. Kisha chukua karatasi, andika: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Andika majina ya viongozi, walichaguliwa lini na muda wao unakwisha lini. Andika anayelipwa, na analipwa kiasi gani. Usipunguze. Usipambe. Usiseme "mengineyo"!

Ukiwa msafi, karatasi hiyo itakulinda. Ukiwa ulikosea, sema sasa, ulipe sasa, uombe radhi sasa. Aliyekuja mwenyewe husikilizwa, aliyeletwa huhukumiwa.

Usingoje mkutano ujao. Ukurasa mmoja unatosha kuanza. Uandike leo, utie sahihi, na Ijumaa hii ubandike ukutani palepale ulipoombea mchango!