Amri ya Nane na Habari za Simu



Mwezi Mei 2025, siku chache tu baada ya Baba Mtakatifu Leo XIV kuchaguliwa, ilienea katika simu za watu wengi barani Afrika video iliyomwonyesha Baba Mtakatifu akimjibu Kapteni Ibrahim Traoré, mkuu wa nchi ya Burkina Faso, kwa maneno marefu ya heshima na sifa. Uso ulikuwa wake, mavazi yalikuwa yake, na midomo ilifuata maneno. Lakini maneno yenyewe hayakuwa yake hata moja. Video ile ilitengenezwa kwa mashine, kwa ufundi uitwao akili bandia, na vyombo vya habari vya Vatikano vikakanusha waziwazi.

Katika parokia moja tunayoifahamu, katekista mzee, aliyefundisha wakatekumeni kwa zaidi ya miaka arobaini, aliipokea video ile kwa furaha kubwa, akaipeleka katika kundi la simu la jumuiya yake. Kijana mmoja wa kwaya akamjibu mbele ya wote kwa maneno mawili na kikatuni cha kucheka. Vijana wengine wakaongeza vikatuni vyao. Mzee akajitoa katika kundi, na kwa majuma matatu hakuonekana jumuiyani. Kijana alisema kweli, hilo hatulikatai. Lakini jumuiya ilipata kweli ikampoteza mzee, na tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza kama hasara hiyo haikuweza kuepukwa.

Yasemwa siku hizi kwamba wazee ndio wenye kudanganyika. Msemo huo una msingi wake. Mwaka 2019 wataalamu watatu wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya uchaguzi wa nchi yao wa mwaka 2016. Waliona kwamba watumiaji wa Facebook wenye umri wa zaidi ya miaka 65 walisambaza habari za uzushi karibu mara saba kuliko vijana wa miaka 18 hadi 29, na tofauti hiyo ilibaki hata walipozingatia elimu ya mtu na chama chake. Lakini yafaa kusoma na upande wa pili wa karatasi ile ile: watu waliosambaza uzushi hawakufika hata mmoja katika kumi. Wazee walio wengi hawakusambaza lolote. Marekani si Tanzania, wala wazee wao hawakulelewa kama wetu. Hata hivyo, yeyote mwenye simu yenye kundi la ukoo ndani yake atakiri kwamba jambo hili halikosekani kwetu.

Sababu yake si upumbavu. Mzee wetu alikua katika siku ambazo neno lilikuwa na mwenyewe. Habari ilisomwa redioni kwa saa yake, na aliyeisoma alijulikana kwa jina. Gazeti lilikuwa na mhariri, na mhariri alikuwa na ofisi ambayo mtu angeweza kuiendea kulalamika. Tangazo la kanisani lilitoka kinywani mwa padre. Mtu huyo alijifunza, na alijifunza vema, kwamba jambo lililoandikwa limekwisha kupita mikononi mwa mtu atakayeulizwa. Sasa amepewa simu na wanawe, na heshima ile ile aliyokuwa akiipa redio ameihamishia simuni, asijue kwamba ndani yake neno laweza kuingia bila kupita mlango wowote. Tena mara nyingi hulipeleka mbele kwa upendo: anawahofia wajukuu, ataka waonywe mapema. Nasi twakubali kwamba methali yetu moja imemponza. Husemwa, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wahenga walitaka tuwe macho; hawakutaka tuamini kila kilio. Kwa habari za simu methali hiyo ni hatari, na tungependa ipumzishwe kidogo.

Lakini vijana wasifurahi upesi. Mwaka huo huo wa 2019, watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya kuwajaribu wanafunzi 3,446 wa shule za sekondari za Marekani. Waliwaonyesha video isiyo na jina la mtengenezaji, iliyodaiwa kuonyesha kura zikiibwa katika uchaguzi wa mchujo wa mwaka 2016. Kumbe picha zile zilipigwa Urusi. Wanafunzi waliruhusiwa kutafuta katika intaneti, na ukweli ungepatikana kwa dakika chache. Zaidi ya nusu walisema ule ni ushahidi wenye nguvu, na waliofuatilia hata kuona chanzo chake walikuwa watatu tu. Hawa ni watoto waliozaliwa simu zikiwa zimekwisha kufika nyumbani! Wepesi wa vidole haukuwapa wepesi wa kupambanua.

Mzee huamini kwa sababu aliyemletea ni mtu wa heshima au maneno yana sura ya ofisi. Kijana hudharau ofisi. Yeye huamini kwa sababu rika lake lote limekwisha kuamini, na kwa sababu jambo limemchekesha au limemkasirisha. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 12, Rehoboamu mwana wa Solomoni alikwenda kwanza kwa wazee, wakamshauri kuwapunguzia watu mzigo. Kisha akaenda kwa wale aliokua pamoja nao, wakamwambia aongeze ukali, naye akafuata maneno hayo kwa kuwa ndiyo yaliyofanana na moyo wake. Kabila kumi zikajitenga, na ufalme wa Daudi ukawa falme mbili. Mfalme yule hakukosa habari. Alikuwa nazo za pande zote mbili. Alichokosa ni mtu wa kumpinga ambaye yuko tayari kumsikiliza.

Wasomaji wetu wa Ngara hawahitaji tueleze jambo hili linafikia wapi. Redio ya RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda mwezi Julai 1993. Haikuanza kwa kuita watu wauane. Ilianza kwa muziki mzuri na mizaha, na vijana waliipenda kuliko redio ya serikali iliyokuwa na lugha nzito. Mizaha ikawa matusi, na matusi yakawa majina ya watu wa kuuawa. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia kwetu. Mwenye miaka sitini leo aliwaona. Mwenye miaka ishirini alizaliwa baada yake. Kwa jirani zetu wa Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, chuki ilipita hata katika ujumbe mfupi wa simu, na watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha. Hapa mzee anayo elimu ambayo simu haimpi kijana: ameona kwa macho neno la dhihaka linavyokua. Twawaomba wazee waseme mambo haya nyumbani, jioni, kwa utulivu, wala wasingoje ugomvi ndipo wayaseme.

Tuje nyumbani kwetu, ingawa ni vigumu. Katika siku za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, kulitokea ghasia, watu walikufa, na intaneti ilifungwa nchini kwa siku kadhaa. Iliporudi, picha zikamiminika kama mvua ya masika. Ndipo tulipoona katika familia za Kikristu jambo la kusikitisha. Baba alisema kwamba picha zote anazoonyeshwa na mwanawe ni uzushi, zimetengenezwa na wabaya wa nchi. Mwana alisema kwamba zote ni kweli, na kwamba baba amefumba macho kwa sababu ya woga au chama. Kila mmoja aliamua kabla ya kutazama. Tunazo habari za nyumba ambamo watu hawakula pamoja sikukuu ya Noeli.

Hapo twataka kusema jambo bila kuficha. Kuita uongo kuwa kweli ni dhambi. Na kuita kweli kuwa uongo kwa sababu inatuumiza, hiyo nayo ni dhambi ya amri ile ile. Mama aliyempoteza mwanawe hapaswi kuambiwa kwamba machozi yake ni uzushi. Novemba 2025 Rais mwenyewe alitangaza kuundwa kwa tume ya kuchunguza mambo yale. Basi hata serikali ilikiri kwamba kulikuwa na la kuchunguzwa. Neno “uzushi” lisiwe blanketi la kufunikia tusiyopenda kuyaona. Wala kijana asitumie picha ya nchi nyingine, au ya mwaka mwingine, kusaidia haki anayoidai, kwa maana picha moja ya uongo ikigunduliwa huwapa watu sababu ya kuzikataa mia za kweli. Amewadhulumu wafu wale wale aliotaka kuwatetea.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake wa Januari 24, 2018, alitukumbusha kwamba wa kwanza katika kazi hii ni yule nyoka wa Paradiso. Tazameni hila yake: hakumwendea Eva na jambo geni kabisa. Alilichukua katazo la Mungu juu ya mti mmoja, akalipanua kidogo, kana kwamba Mungu amewanyima miti yote. Uongo wa siku zetu mara nyingi ni wa namna hiyo, kipande cha kweli kilichokatwa na kushonwa mahali pengine.

Je, tufanye nini? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari ya Desemba 4, 1963, uliwakumbusha wazazi wajibu wao mzito wa kuwalinda watoto. Wajibu huo haukufutwa. Lakini siku hizi mtoto naye ana wajibu wa kumlinda mzazi, na wajibu huu hautoki katika amri ya nane peke yake, bali katika ya nne pia. Yoshua bin Sira, sura ya 3, amfundisha mwana kumvumilia baba yake hata akili yake ikipungua, asimdharau kwa sababu yeye ana nguvu. Basi, ewe kijana, usimsahihishe baba yako kundini. Mpigie simu, au nenda ukae naye. Mwonyeshe jinsi ulivyojua, si kwamba umejua tu. Mtu akiaibishwa mbele ya wajukuu hatajifunza. Atatafuta kundi jingine ambamo haaibishwi, na huko watamlisha uongo zaidi.

Nanyi wazee, someni tena kitabu cha Danieli, sura ya 13. Watu wa Babeli walikuwa tayari kumwua Susana, kwa sababu waliomshitaki walikuwa wazee, tena waamuzi. Aliyemwokoa alikuwa kijana. Naye hakuwashinda kwa kelele. Aliwatenga mashahidi wawili, akamwuliza kila mmoja swali lile lile: mliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine mti ule. Njia hiyo yafaa hata leo. Habari kubwa ikifika, itenge na aliyeileta, uiulize mahali pengine: nani ameona, wapi, siku gani, na nani mwingine amesema? Ikiwa ni juu ya Baba Mtakatifu au maaskofu, paroko wenu yupo. Aulizwe, wala asichoke kuulizwa.

Liko jambo moja ambalo katika maungamo husahauliwa. Mafundisho ya Kanisa ni kwamba aliyemharibia mwenzake jina lazima alipe, kama vile mwizi anavyorudisha mali; kusamehewa dhambi hakuondoi deni hilo. Basi aliyepeleka uzushi kwa watu themanini hajatimiza wajibu wake kwa kuufuta katika simu yake mwenyewe. Apeleke masahihisho kwa themanini wale wale, kwa jina lake. Twajua ni uchungu, hasa kwa mzee, na hasa kwa mwenye cheo.

Twajua kwa sababu sisi wenyewe, tuliofundishwa mantiki na falsafa seminari kuu, tena tunaoishi kwa kazi ya habari, tuliipeleka video ile ya Mei kwa mapadre wenzetu wawili kabla ya kuuliza lolote. Tulipojua kwamba ni ya uongo tuliifuta, tukanyamaza, tukiona kwamba wao ni watu wazima watajua. Maelezo na ombi la msamaha tumewapelekea leo asubuhi, kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa ukurasa huu. Mmoja amejibu kwamba naye alikwisha kuwapelekea wengine kumi na saba.