Adabu ya Kumweka Mtu Kwenye Kundi

Vijana wa Misungwi mnaochangia Wikipedia ya Kiswahili, nawapongeza kwanza. Kazi hiyo haina mshahara, na mtoto wa shule anayetafuta habari za kata yake kwa simu ya mama yake huzikuta kwa sababu yuko mtu aliyekaa akaandika. Ila mnapofika kwenye makundi ya makala, yale mnayoyaita "jamii", mnagombana kupita kiasi, na juu ya hilo nina neno nanyi.

Ugomvi mwingine hauna hata sababu. Daraja la J. P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, lina kichwa kimoja Kigongo, kwetu Misungwi, na kingine Busisi, Sengerema. Mmoja analiweka kwenye jamii ya Misungwi, mwingine analitoa analipeleka Sengerema, wa kwanza anarudisha, mpaka usiku unakwisha. Mnagombea nini? Kitabu cha maktaba kina mgongo mmoja, hivyo lazima kikae rafu moja. Makala ya mtandaoni inaweza kukaa katika jamii kumi bila kubanana. Liwekeni kotekote. Na Chato je, iliyokuwa Mkoa wa Kagera kabla ya kuingia Mkoa wa Geita ulipoundwa 2012? Wekeni mkoa wa leo kwenye jamii, habari za mipaka ya zamani zielezeni ndani ya makala, mlale.

Linaloniuma ni pale mnapopanga watu.

Anayegawa nafasi ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani. Melvil Dewey wa Marekani alitoa mpango wake wa kupanga vitabu mwaka 1876, na hadi leo maktaba nyingi duniani, pamoja na zetu, zinautumia. Dini zilipewa namba 200 hadi 299. Biblia na Ukristo vikachukua 220 hadi 289. Uislamu wote ukawekwa 297. Kwenye lugha, Kiswahili, Kisukuma, Kizulu na mamia ya lugha nyingine za Afrika zimekusanywa chini ya 496. Hakuna tusi lililoandikwa popote katika mpango huo, lakini mtoto anayetembea kati ya rafu hizo hujifunza nani mkubwa na nani mdogo kabla hajafungua kitabu hata kimoja.

Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waliliona hilo Aprili 2013. Mwandishi wa riwaya Amanda Filipacchi aliandika katika gazeti la New York Times kwamba wanawake walikuwa wanaondolewa kwenye jamii ya waandishi wa riwaya wa Marekani na kuhamishiwa kwenye jamii ya waandishi wa riwaya wanawake. Wanaume walibaki palepale kwenye kundi kuu, kana kwamba wao ndio waandishi wenyewe na hao wengine ni aina ya pembeni. Waliotetea uhamisho huo walisema kundi lilikuwa limejaa mno. Inawezekana kweli walitaka kupunguza msongamano tu. Lakini aliyetolewa sebuleni hapimi nia ya aliyemtoa. Anaona kwamba wengine wamebaki wamekaa.

Kwa hiyo mkitaka kuongeza kundi dogo, ongezeni, ila msimfukuze mtu kwenye kundi kubwa. Salum Khalfani Barwany alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010, akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo nchini kwetu. Huyo ni mwanasiasa wa Tanzania, na jamii hiyo ndiyo ya kwanza kwake. Ualbino wake, ambao aliusemea hadharani, unaweza kuongezwa juu ya hapo. Ukimwacha kwenye jamii ya ualbino peke yake, umemnyang'anya kura alizopigiwa.

Kisha linakuja suala la jina la jamii yenyewe. Mtu anaandika "Maalbino wa Tanzania", mwenzake anapinga, na hoja inayotolewa ni kwamba neno hilo ni fupi na kila mtu analijua. Na "zeruzeru" nalo kila mtu analijua, kujulikana hakujalisafisha. Wenyewe wana chama chao tangu 1978, na leo kinaitwa Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania. Bunge letu lilipotunga sheria mwaka 2010 liliiita Sheria ya Watu wenye Ulemavu, "watu" wakitangulia. Ukikuta kundi la watu lina jina linalojiita, mjadala umekwisha. Chukua jina hilo, hata kama linaongeza maneno mawili kwenye kichwa cha ukurasa. Lile neno baya linaweza kutajwa ndani ya makala inayoeleza unyanyapaa na mateso waliyopitia, kwa sababu historia haifichwi. Juu ya jina la mtu aliye hai halina nafasi.

Lakini hata jina zuri halitoshi, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini kwa sababu tunaishi Kanda ya Ziwa. Hatujasahau miaka ile watu wenye ualbino walipowindwa kwa ajili ya viungo vyao, wakauawa majumbani mwao, watoto kwa wakubwa. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa machozi bungeni alipokuwa akilizungumzia jambo hilo. Wapo watoto walioletwa Shule ya Msingi Mitindo, hapahapa Misungwi, ili wasome na kulala mahali penye ulinzi. Sasa mfikirie mhariri mwenye moyo mwema anayefungua jamii ya watu wenye ualbino wa Misungwi, akaweka humo majina, shule na vijiji. Atasema anawaenzi. Alichotengeneza ni orodha, na orodha hiyo anaisoma kila mtu, pamoja na yule ambaye watoto hao walifichwa asiwafikie.

Ndiyo maana nasema: habari ya mwili, afya au maumbile ya mtu aliye hai isiingie kwenye jamii isipokuwa mtu huyo anajulikana kwa umma na ameisema mwenyewe waziwazi. Mtoto asiwekwe kabisa. Akitokea mwenzenu akawaambia kwamba kamusi elezo haitakamilika, mjibuni kwamba iendelee kutokamilika.

Vivyo hivyo kabila. Mtu anaona jina Masanja au Shija, papo hapo anambandika "Wasukuma". Umemuuliza? Huenda mama yake ni Mkerewe, naye amelelewa Tabora na hajawahi kujitambulisha kwa kabila popote. Sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Taifa lilichagua kutowahesabu watu wake hivyo, na sababu zake mnazijua. Kama mtu mwenyewe ameandika au kusema asili yake, na asili hiyo inahusiana na kazi iliyompa umaarufu, kwa mfano mtemi au manju wa ngoma, hapo iwekeni. Kubahatisha kwa jina la ukoo ni kumsemea mtu jambo ambalo ni lake kusema.

Na mnapobishana, bishaneni kwenye ukurasa wa majadiliano, mkitia sahihi, kabla ya kuhamisha chochote. Mwenzako asikute asubuhi kwamba kazi yake ya wiki imepinduliwa kimyakimya. Mkongwe asimwambie mgeni kwamba amehariri mara elfu nyingi; wingi wa masahihisho haumfanyi mtu ajue vijiji vya Mbarika kuliko aliyezaliwa huko. Na mgeni naye asome mijadala ya zamani kabla ya kuianzisha upya, maana mara nyingi swali lake lilishajibiwa na watu waliochoka. Kwenye kundi la watu, tafuteni anayehusika mumsikilize kabla ya kupiga kura. Kura za watu watano ambao hakuna hata mmoja wao anayelibeba jina la kundi hilo hazina uzito ninaouona mkizipa.

Uamuzi ukishatoka na hoja yako haikupita, usisuse. Jina la jamii likibadilika, kila makala iliyokuwa chini ya jina la zamani lazima ifunguliwe na kurekebishwa, la sivyo nusu itabaki huku na nusu kule, na msomaji atadhani ni vitu viwili tofauti. Gawaneni orodha. Anza na zile ulizoziweka wewe.