Wanangu wa Mweru, Msinunue Mshindo

Wanangu wa Nchelenge, na ninyi mnaovuka kutoka Kilwa na Pweto upande wa Kongo kuja soko la Kashikishi: Machi ikifika na Ziwa Mweru likafunguliwa kwa uvuvi, hela ya samaki huanza kuzunguka tena, na miongoni mwa vitu vya kwanza mnavyovikimbilia ni hedifoni. Siwalaumu. Kijana aliyekesha majini akivua samaki wadogo tuwaitao chisense ana haki ya kusikiliza muziki wake, na ana haki ya kucheza Free Fire au eFootball na wenzake. Ninalotaka kuwaonya ni namna mnavyochagua. Mnachagua kwa macho, na kwa besi inayotikisa taya pale kwenye meza ya muuzaji. Haupiti muda mnaniletea kitu kimekufa upande mmoja, au mnaniambia kwamba usiku mnasikia mlio masikioni. Hilo la pili ndilo linaloniumiza, kwa sababu waya naweza kuulehemu. Sikio hakuna fundi awezaye kulilehemu.

Nianze na hofu mliyo nayo wengi, kwamba mtu anayetaka muziki na gemu lazima anunue hedifoni mbili, au anunue ile kubwa yenye taa iliyoandikwa kuwa ni ya wachezaji. Si kweli. Kinachoufanya muziki uwe mzuri ndicho kinachoifanya gemu ichezeke. Nyayo za adui kwenye majani na mlio wa mtu anayejaza risasi nyuma ya ukuta ni sauti za kati na za juu. Maneno ya mwimbaji nayo yako hukohuko, na vidole vya mpiga gitaa pia. Hedifoni iliyotengenezwa ingurume inazifunika zote kwa pamoja. Sikio la binadamu ndivyo lilivyoumbwa: sauti nene ikiwa na nguvu huimeza nyembamba, kama injini ya boti inavyommeza mwenzako anayekuita kutoka omo. Na kijana asiposikia vizuri hufanya nini? Huongeza sauti. Besi inazidi kupanda pamoja na vingine vyote, bado hasikii, anaongeza tena. Kwa hiyo ninaposema nunua sauti iliyo wazi, sisemi hivyo kwa ajili ya raha peke yake. Mwenye sauti wazi hana haja ya kuipandisha.

Namna ya kuipima iko mikononi mwenu, na haihitaji mashine. Nenda sokoni na simu yako, ndani yake weka nyimbo unazozijua hadi ndani ya mifupa. Kwetu Luapula nitakwambia weka kalindula, mathalani P.K. Chishala. Muziki huu umebeba jina la chombo chake cha besi, na besi yake haikai mahali pamoja. Inatembea, inapanda, inashuka, inajibizana na gitaa. Hedifoni nzuri itakuonyesha kila hatua ya besi hiyo. Ukisikia mngurumo mmoja tu usiobadilika, mrudishie muuzaji kwa heshima na uchukue nyingine.

Kisha weka wimbo wa zamani wa Katanga. Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akipiga «Masanga» kwa gitaa moja tu. Kidole gumba kinashika nyuzi nene, cha shahada kinacheza juu, na asiyejua hudhani wapigaji ni wawili. Hedifoni ikikuchanganyia kidole gumba na cha shahada, itakuchanganyia pia nyayo na mlipuko. Lakini nawapeleka kwenye rekodi za namna hiyo kwa sababu nyingine pia, ya kifundi. Zilirekodiwa kwa njia moja, kushoto na kulia ni sauti ileile. Ukizisikiliza, gitaa na sauti vinapaswa kukaa katikati kabisa ya kichwa. Vikiegemea upande, kispika kimoja ni dhaifu kuliko kingine. Visipokaa popote, vikasambaa na besi ikapotea, basi waya za kispika kimoja zimeungwa kinyume kiwandani: kimoja kinasukuma wakati kingine kinavuta. Hedifoni za bei ya chini huwa na kosa hili mara nyingi kuliko mnavyodhani, na mtu anaweza kuzitumia mwaka mzima akiamini kwamba simu yake ndiyo mbovu.

Kwa mchezaji wa gemu kosa hilo ni kubwa zaidi. Masikio yetu hujua mahali sauti inapotoka kwa tofauti ndogo sana kati ya moja na jingine, ya nguvu na ya muda. Na tofauti ya muda haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Gemu huipiga hesabu hiyo na kuituma kwa njia mbili, kushoto na kulia. Ukiwa na vispika viwili vinavyolingana unajua adui yuko wapi. Ndiyo maana siwashauri kulipia maandishi ya «7.1» kwenye boksi la hedifoni ya bei ndogo. Ndani yake mna vispika viwili vilevile, hiyo 7.1 ni hesabu ya programu, na mara nyingi huuharibu muziki kwa kuutia mwangwi usiokuwemo. Taa za rangi nazo hazisikiki. Kila kwacha iliyokwenda kwenye taa imetolewa kwenye kispika.

Sasa suala la waya, ambalo vijana hunibishia sana. Mnaona kuvaa waya ni mambo ya kizee. Sikilizeni kwanza. Hedifoni ya Bluetooth huchelewesha sauti, na kwa zile za kawaida ucheleweshaji huo ni kati ya sehemu moja na tatu za kumi za sekunde. Kwenye muziki hutaujua, maana wimbo wote umechelewa pamoja. Kwenye video simu inaweza kuichelewesha picha ilingane na sauti. Gemu haina nafasi hiyo, kwa kuwa mlio unazaliwa papo hapo unapobonyeza, na anayekulenga hakusubiri. Waya hauna ucheleweshaji wa kuhesabika. Tena waya hauchajiwi. Mnaikumbuka 2024, ukame ulipotangazwa kuwa janga la taifa hapa Zambia, bwawa la Kariba likapungukiwa maji na umeme ukawa wa kuotea nchi nzima. Katika hali ile, chaji kidogo uliyo nayo ni ya simu. Halafu vibetri vya iafoni hizi zisizo na waya huchoka baada ya muda, na vimefungwa kwa gundi; nikivifungua sivirudishi vilivyokuwa. Atakayetaka ya Bluetooth kwa ajili ya kutembea nayo au kwenda kanisani, haya, lakini asiitegemee kwenye gemu za mapambano.

Kwenye ununuzi wenyewe, jihadharini na jina kubwa kwa bei ndogo. Meza zetu zimejaa hedifoni zilizobandikwa majina ya JBL, Sony na Beats ambazo kampuni hizo hazijawahi kuziona. Jina la uongo ni dalili kwamba mtengenezaji hakutaka kujulikana, na mtu asiyetaka kujulikana hana sababu ya kulehemu vizuri. Afadhali chapa ya bei nafuu iliyo ya kweli. Oraimo, ya kampuni ileile ya Transsion inayotengeneza Tecno, Infinix na itel, hupatikana kwa urahisi katika maduka ya nchi zetu. Ukiwa na ndugu anayekwenda Lusaka au Dar es Salaam, mwagize KZ ya China, ile ambayo waya wake unachomoka. Waya ukikatika unanunua waya, hununui kitu kizima. Kampuni ya Moondrop ilitoa iafoni ya Chu mwaka 2022 kwa kama dola 20, na kwa uwazi wa sauti inazishinda nyingi za bei ya juu. Koss KSC75 ya Marekani nayo ni ya bei hiyohiyo, inaning'inia sikioni, na muziki wake ni mtamu mno. Ila iko wazi, haizuii kelele hata kidogo, kwa hiyo haifai palipo na jenereta.

Na jenereta ndiyo jirani yetu. Kwenye vibanda vya video, dukani, gatini, kelele haziishi. Kwa mazingira haya mimi naelekea kwenye iafoni za kuchomeka zenye mpira laini unaoziba tundu la sikio sawasawa. Boksi huja na mipira ya ukubwa tofauti, nanyi huitupa bila kuijaribu. Ijaribuni. Mpira usioziba hupoteza besi yote, mkasema iafoni ni mbovu, kumbe ni saizi. Hedifoni kubwa za kufunika sikio ni nzuri kwa anayecheza saa nyingi ndani ya nyumba, mradi zisibane na zisiwe nzito. Lakini ngozi ile ya bandia kwa joto na jasho la ufukweni hapa huanza kubanduka mapema, basi angalieni kama mito yake inabadilishika.

Kagueni pini. Kama mnataka kuongea na wenzenu katika gemu, pini iwe na mistari mitatu, yaani sehemu nne. Yenye mistari miwili haina njia ya maikrofoni. Shikeni waya pale unapoingia kwenye pini na muuzungushe taratibu huku muziki unacheza. Muziki ukikatakata, waya umeshaanza kufa kabla hamjaulipia. Na kama simu yenu haina tundu la duara bali Type-C peke yake, jaribuni adapta kwa simu yenyewe hapohapo, kwa sababu adapta inayofanya kazi kwenye simu moja hukataa kwenye nyingine.

Sasa nifike pale ninapotaka mnisikie kuliko pote. Ndani ya kila sikio mna seli kama 15,000 zenye vinyweleo, na hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa sauti ya kueleweka. Zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, basi. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Ukifika 90 umebakiwa na saa 4 kwa juma zima. Ukifika 100 ni dakika 20. Na simu nyingi zikifunguliwa hadi mwisho hufika huko bila shida. Jifikirieni ninyi mnaokaa nchi kavu tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ziwa limefungwa, mkicheza gemu tangu asubuhi. Gemu ni mbaya kuliko wimbo kwa jambo hili moja: mlio wa bunduki huja ghafla ukiwa juu kuliko yote yaliyoutangulia. Wekeni sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Mkiona hamsikii katika 60, tatizo ni kelele ya nje au ni hedifoni, na dawa yake si kidole kwenye kitufe.

Mkiwa kwenye boti, msizibe masikio yote mawili. Hili nalisema kama mzazi. Upepo wa Mweru hauombi ruhusa, na usiku wa chisense mwenzako huona wimbi kabla yako. Akiita mara moja, imetosha, usiwe mtu wa kusubiri kuguswa bega. Muziki usubiri nchi kavu, au uwe sikio moja kwa sauti ya chini.

Na yule ambaye tayari mlio umemwingia, asijitibu kwa njiti ya kiberiti wala mafuta ya moto. Apumzishe masikio, hedifoni aziweke kando. Mlio ukivuka siku mbili, aende Hospitali ya St Paul's pale Kashikishi wamtazame. Mara nyingine ni nta tu iliyosukumwa ndani na iafoni, na nta hutolewa. Ikiwa si nta, ni heri ajue sasa, angali na uwezo mwingi wa kusikia.