Amana Isiyo na Jina: Kura ya Mbunge Juu ya Ardhi ya Umma

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 73, inatamka kuwa mamlaka anayopewa afisa wa dola ni amana ya umma, na kwa tamko hilo inaitoa kura ya mbunge katika hesabu za vyama na kuiweka mbele ya mizani ya maadili na, kwa Wakenya wengi, ya dini. Amana ni kitu anachokabidhiwa mtu akitunze kwa niaba ya mwenyewe, naye hujua kuwa atadaiwa. Kurani inasimulia kwamba mbingu, ardhi na milima vilikataa kuibeba amana, kisha mwanadamu akaibeba. Na katika kitabu cha Mwanzo mtu wa kwanza anawekwa bustanini ailime na kuitunza, bila kuambiwa kuwa bustani ni yake. Mbunge wa Starehe, wa Westlands au wa Lang'ata huapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, au hutoa ahadi bila kumtaja Mungu akipendelea hivyo, kabla hajaanza kazi. Kura yake inapohusu msitu au bustani ya umma, ni nani aliyemkabidhi, na ni nani atakayemdai?

Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza humfanya mbunge kuwa mjumbe tu, mtu aliyetumwa na wapigakura kusema walichomwagiza. La pili, ambalo Edmund Burke aliwaeleza wapigakura wake wa Bristol, Uingereza, mwaka 1774, humtaka atumie busara na dhamiri yake hata pale watu wake wanapotaka vingine. Katika mambo ya ardhi majibu yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kuwaangalia watu walio hai peke yao, ilhali Kifungu cha 42 kinadai mazingira yalindwe kwa manufaa ya vizazi vya sasa na vijavyo. Mtoto atakayezaliwa Kawangware miaka hamsini ijayo hana kadi ya kura wala hawezi kuandamana, na kodi iliyopitishwa kimakosa itakuwa imekwisha kufutwa kabla hajazaliwa, lakini msitu uliogeuzwa mtaa wa nyumba haurudi kwa mswada mwingine.

Aliyelikaribia suala hili kwa kina zaidi ni Henry Odera Oruka, mwanafalsafa aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwendo mfupi kutoka majengo ya Bunge, na kufariki mwaka 1995. Katika nadharia yake inayoitazama dunia kama mzazi, alieleza familia ya watoto sita ambao wawili wamejaliwa mali na wanne ni maskini, akashikilia kuwa aliyefanikiwa hawezi kudai kuwa mali yake haiwahusu nduguze, kwa sababu wote wamesimama juu ya msingi uliowekwa na wazazi, na deni la msingi huo hulipwa kwa pamoja. Oruka aliwafikiria zaidi matajiri na maskini wa dunia. Lakini deni kwa mzazi halilipiki bila kumfikiria mjukuu, na hapo ndipo nadharia yake inapomgusa mtunga sheria.

Kwa muda mrefu wabunge hawakuhitajika kabisa katika kuamua hatima ya misitu. Chini ya sheria ya zamani ya misitu, waziri aliweza kuondoa eneo katika hifadhi kwa tangazo la siku 28 katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwaka 2001 maelfu ya hekta yaliondolewa kwa njia hiyo. Msitu wa Ngong Road, unaoanzia pembezoni mwa Kibera hadi Karen na uliotangazwa hifadhi mwaka 1932, ulimegwa miaka hadi miaka. Sheria ya mwaka 2005, na baadaye ile ya 2016, ziliuhamishia uamuzi Bungeni, zikitaka pia Shirika la Huduma za Misitu litoe rai yake kwanza. Mapema mwaka 2022 mswada wa kuliondoa Shirika katika utaratibu huo ulizua upinzani mkali. Waliounga mkono walikuwa na hoja isiyo ya kudharauliwa, kwamba kila mtu ana haki ya kikatiba ya kuwasilisha ombi Bungeni bila kupitia mlango wa idara, lakini hawakueleza ni nani mwingine angeusemea msitu.

Bunge nalo huamuaje? Akidi, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kuwapo, ni wabunge 50 katika Bunge la Taifa lenye wabunge 349, na uamuzi hupitishwa na wengi wa waliopo na kupiga kura, hivyo watu 26 wanaweza kutosha. Mara nyingi kura ni ya sauti: wanaokubali huitikia, wanaokataa huitikia, na Spika hutangaza upande ulioshinda. Jina halibaki popote, isipokuwa pakidaiwa kura ya mgawanyiko, ambamo kila mbunge huhesabiwa na kuandikwa upande wake. Kifungu cha 122 kinamkataza mbunge kupigia kura jambo lenye maslahi yake ya kifedha. Katika mji ambao kiwanja cha Kilimani au Lavington hupanda thamani mara kinaporuhusiwa ghorofa nyingi, katazo hilo haliwezi kutekelezwa ikiwa hakuna ajuaye nani aliitikia nini.

Historia ya Nairobi ina kinaya chake hapa. Mwaka 1988 chama tawala cha KANU kiliwalazimisha raia kupiga kura ya mlolongo katika mchujo wa wagombea, wakipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea, na mwaka uliofuata Bunge lililotokana na foleni hizo lilimkejeli mwanamazingira Wangari Maathai kwa kupinga jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru. Mnyonge alianikwa, mwenye mamlaka alijificha ndani ya sauti ya wengi. Bustani ilinusurika baada ya wafadhili wa kigeni kujitoa, kama vile mti mkongwe wa mugumo wa Waiyaki Way, Westlands, ulivyonusurika barabara ya juu mwaka 2020 kwa amri ya rais. Wokovu wa namna hiyo ni bahati, na bahati haitoshi kuwa ulinzi wa amana.

Pingamizi kubwa dhidi ya kuyaweka wazi majina lipo, nalo lilionekana tarehe 25 Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106. Mswada huo awali ulikuwa na tozo ya mazingira kwa bidhaa zenye taka sumbufu, kama nepi na vifaa vya kielektroniki, ambayo kamati ilikwisha kuipunguza ibaki kwa bidhaa za kutoka nje. Majina yalijulikana, vijana wakaingia Bungeni siku hiyohiyo, watu wakauawa, na kesho yake rais akakataa kuutia saini. Mtu anaweza kusema kwamba jina likijulikana dhamiri huogopa, na kwamba mbunge anayetaka kuulinda msitu dhidi ya tamaa ya wapigakura wake mwenyewe atauacha aokoe kiti. Hatari hiyo ni ya kweli. Hata hivyo usiri wa kura uliwekwa kumkinga mpigakura asiyeshika amana ya mtu, na anayeamua kwa niaba ya wasiozaliwa hana wa kumhoji isipokuwa walio hai, ambao nao hawawezi kumhoji wasiyemjua.

Kila hoja ya kubadili mipaka ya msitu au matumizi ya ardhi ya umma, iwe Bungeni au katika Bunge la Kaunti pale City Hall, inapaswa basi kupigiwa kura ya mgawanyiko. Kwa Bunge la Taifa jambo hilo halihitaji kura ya maoni wala saini ya rais, kwa kuwa Kifungu cha 124 kinaliachia Bunge lenyewe kutunga Kanuni zake za Kudumu.