Kuzoea si Kuridhia

Wapo ndege wadogo wa jamii ya kasuku ambao kwa Kiswahili huitwa cherero. Apitaye asubuhi katika mashamba ya uwele na mtama huku Dodoma huwasikia kabla ya kuwaona, maana huruka kwa makundi wakipiga kelele kama watoto waliofunguliwa shule. Kichwa chao ni cheusi, shingo ya njano, mwili wa kijani na mdomo mwekundu. Usiku hulala kwa kubanana katika matundu ya mibuyu. Asili yao ni Tanzania peke yake.

Mwaka 2009, mwezi wa Julai, safari ilinifikisha Naivasha nchini Kenya. Mji ule uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Dodoma yetu haizidi sana mita 1,100. Alfajiri nilitoka nje nimejifunga blanketi, vidole vikiniuma kwa baridi. Mara juu ya mgunga nikasikia kelele ninazozijua tangu utotoni. Walikuwa cherero! Ila wengi wao walikuwa machotara: damu ya cherero wa kwetu imechanganyika na ya wale wenye uso wa rangi ya chungwa, ambao kwao ni pande za Serengeti na Shinyanga. Wazee wao walikuwa ndege wa vizimbani. Wakatoroka au wakaachiwa, wakakutana ugenini, wakazaliana. Baridi waliishinda kwa desturi ile ile ya mibuyuni: kutafuta tundu na kulala wamebanana.

Nakiri kwamba nilifurahi sana. Nikajisemea, "Kumbe walipona!" Furaha ile ndiyo iliyonifanya niandike maneno haya, kwa sababu baadaye niliitilia shaka.

Mwaka 1986, nikiwa darasa la sita, mimi na wenzangu tulitega ulimbo kwenye vichaka kando ya lambo. Mnunuzi alikuja na masanduku yake ya mbao. Nakumbuka asubuhi moja tulimpelekea ndege kumi na watano. Kumi na mmoja walikuwa hai. Wanne walikuwa wamekufa, mabawa yameng'ang'aniana kwa ulimbo. Alihesabu walio hai, akalipa, akawatupa wale wanne majanini. Aliyekufa halipiwi. Hatukuona ajabu yoyote. Fedha ile ilininunulia daftari na kalamu.

Sisi hatukuwa peke yetu. Biashara hiyo ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1987 yule cherero wa uso wa chungwa aliongoza kwa wingi miongoni mwa kasuku wote wa mwituni waliouzwa duniani. Baadaye milango ilianza kufungwa: Ulaya ilizuia ndege wa mwituni kuingizwa mwaka 2005 kwa kuhofia mafua ya ndege, na mwaka 2007 ikaufanya uzuio huo wa kudumu. Tanzania nayo ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016.

Sasa, msomaji, yako maneno ambayo husemwa kila mara mnyama wa kigeni anapoonekana akiishi mahali pa baridi. Husemwa juu ya cherero wa Naivasha, na juu ya kasuku wa kijani wa London, ambao huvumilia theluji na wamekuwa wakizaliana huko kwa miaka mingi. Watu husema, "Mbona wamezoea? Basi hawakudhurika." Maneno haya yanapendeza, na mimi mwenyewe niliyasema moyoni chini ya mgunga ule. Lakini nilipoyapima niliona kuwa nilikuwa nikihesabu kama yule mnunuzi. Nilihesabu walio hai tu. Waliofia kwenye ulimbo, kwenye masanduku na vizimbani hawana kelele za alfajiri, kwa hiyo hawaingii katika hesabu.

Tena, kupona kwa kiumbe ni sifa yake yeye, si hati ya kumsafisha aliyemteka. Huku Ugogo ilipita njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo, na katika misafara ile walikuwamo watu waliofungwa minyororo. Baadhi yao waliishi, wakazaa, na vizazi vyao vipo ng'ambo hadi leo. Sisemi kwamba ndege ni sawa na mtu, la hasha. Nasema tu kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayewatazama wajukuu wale wakiwa wazima, kisha aseme biashara ile haikuwa na ubaya. Kuzoea si kuridhia.

Je, tuwarudishe cherero wa Naivasha? Sidhani. Waliozaliwa kule hawaijui Dodoma, na kwa uchotara wao hakuna kundi la huku ambalo ni lao. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini hawa hawakuiacha asili yao, waling'olewa. Na ndege wenyeji wa kule, ambao huenda wakagombea nao matundu ya miti, nao wana haki ya kulalamika, ingawa mlalamikiwa halisi hayuko juu ya mti. Yuko huku, ana daftari na kalamu.

Mwaka jana mjukuu wangu aliniomba nimfundishe kutengeneza ulimbo ili afuge cherero mmoja, mmoja tu. Nikamwambia kwamba kumpata mmoja huenda kukagharimu wawili. Akaniuliza, "Babu, wewe ulijuaje?" Nikamsimulia habari za wale wanne majanini, ambao sikuwahi kumsimulia mtu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama tuliwazika.

Hatukuwazika.