Ng'ombe Aliyezoea Kupiga kwa Pembe



Mwaka huu tulimzika mtoto wa darasa la pili, aliyegongwa na kamyo kwenye mtelemko wa Kadutu akitoka masomoni. Mama yake anaimba katika kwaya yetu. Na shofere wa kamyo ile alikulia mikononi mwetu. Alikuwa akipiga filimbi katika FLUKI. Sasa yuko gerezani, anangoja kesi. Kila Jumapili tunaulizwa mlangoni: tumwombee nani?

Wako wanaosema, ni mapenzi ya Mungu, mambo yaishe. Wako walioshika mawe siku ile ile. Sisi hatuko pamoja na hawa wala wale.

Tufungue Kumbukumbu la Torati 19. Mtu anakata miti msituni, shoka linachomoka kwenye mpini, linamwua mwenzake. Mungu alimwekea mtu huyo mji wa makimbilio, ili mlipa kisasi asimwue njiani. Basi anayemvuta shofere nje ya gari na kumpiga mawe anapigana na Neno. Lakini someni pia Hesabu 35. Mji ule haukuwa maficho. Kusanyiko lilimhukumu, na hata akionekana hakuwa na nia mbaya, alikaa mle mpaka kuhani mkuu afe. Hakuna fidia iliyoweza kumtoa mapema.

Sheria ya inchi yetu haiko mbali na hapo. Kitabu cha adhabu cha mwaka 1940, vifungu vya 52 na 53, kinamshika aliyeua bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Mama mfiwa ameona ni kidogo. Nani atamlaumu?

Sasa Kutoka 21:29. Ng'ombe aliyezoea kupiga kwa pembe, mwenyewe ameonywa, asimfunge, akaua mtu: mwenye ng'ombe naye ana hatia. Gari ni ng'ombe mwenye nguvu. Tulioona habari za Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka na moto ukaua watu zaidi ya 230, tunajua nguvu hizo.

Shofere wetu amesema mbele ya wazee kwamba alimwambia bosi mara mbili kuwa freni hazishiki. Bosi akajibu: maliza kwanza safari hii. Lakini katika karatasi za kesi kuna jina moja tu. Sheria ya 30 Julai 1888, kifungu cha 260, inamtaka bosi alipe madhara yaliyofanywa na mtumishi wake kazini. Aitwe basi. Na kijana wetu hatumwondolei kosa. Aliyejua freni ni mbovu akashika usukani, shoka lake halikuchomoka ghafula.

Tena kuna bahasha iliyoletwa usiku kwa jamaa ya mtoto, pamoja na karatasi ya kutia saini kwamba hawatashitaki. Kununua sanduku, kulisha watu wa matanga, hiyo ni wajibu, na alete mchana. Kutoka 21:30 inakubali fidia ya mwenye ng'ombe, lakini ile aliyotozwa, si ile aliyoipima mwenyewe gizani. Baba wa mtoto hakutia saini. Tunamshukuru.

Kanisa letu linajua gereza. Papa Simon Kimbangu alihukumiwa kifo kule Thysville tarehe 3 Oktoba 1921, bila wakili. Mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, na Papa akafa gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Tukifundisha Upendo, Amri na Kazi, hatuwezi kumwacha mtu ahukumiwe peke yake, wala kumwacha mfiwa aende peke yake kusikiliza.

Kwa hiyo siku ya kesi wazee wawili watakwenda na mama wa mtoto, na wawili na mama wa shofere. Mama hawa wawili wameomba wakae benchi moja. Kwaya haitakuwa na mazoezi siku hiyo.